Hema la Juu ya Gari Letu

Baba Tumaini mpendwa,

Hema ulilolifunga juu ya pikapu yetu bado lipo. Naliona kutoka hapa kibarazani, limekunjwa na kufunikwa. Najua ungeuliza habari zake kabla ya kuuliza zangu.

Unakumbuka ulivyolileta? Wasafiri fulani waliliacha gereji hapa Ifakara kwa sababu lilikuwa linavuja, ukalichukua. Nikakuuliza, "Sisi tuna nyumba, hema la nini?" Ukanijibu, "Tukienda kununua mpunga Masagati tunalala wapi? Si juu ya magunia?" Nikakusaidia kulifunga, maana kweli tulikuwa tunalala juu ya magunia.

Mvua ya kwanza ilitukuta kulekule. Maji yalidondoka upande wangu, begani. Ukasema tubadilishane nafasi, ukalowa wewe, wala hukulalamika. Tuliporudi nyumbani ukalifungua uani, ukaniingiza ndani na kipande cha chaki, ukapanda ngazi na jagi la maji. Ulimwaga kidogokidogo, ukianzia mishono ya chini na kupanda.

"Hapo?"

"Bado."

"Na hapo?"

"Bado. Endelea."

Yalipodondoka nikachora alama. Ulipoingia ulipapasa bomba la fremu kuanzia kwenye alama yangu, ukalifuata hadi kwenye bolti ya bawaba. "Hayaingii yanapodondokea, mama," ukasema. "Yameingia huku, yakatembea." Tukaitoa bolti, tukaikausha, ukaipaka silikoni. Mishono ukaisugua kwa mshumaa.

Safari iliyofuata godoro likalowa tena kwa chini, ingawa mvua haikunyesha. Ulitafuta tundu mpaka ukachoka, kisha ukacheka peke yako. Yalikuwa maji ya pumzi zetu wawili, tumejifungia madirisha yote. Tangu hapo tulilala dirisha moja likiwa wazi, na chini ya godoro tukatandika mkeka.

Tulipokuzika, sikulifungua tena. Niliogopa kukuta harufu yako, na niliogopa pia nisiikute.

Sasa sikia yaliyotupata. Tumaini wetu, akiwa bado anafundisha Masagati, alikuwa mjamzito. Nesi wa zahanati akamwambia mtoto amekaa vibaya, asijifungulie kule, aje hospitali hapa Ifakara mapema. Mumewe yuko mbali kikazi, na mvua zilikwishaanza kuharibu barabara. Mdogo wako Aloyce akakubali kuendesha gari tukamchukue, ila akaniambia, "Shemeji, hili hema tulitoe. Linaongeza mzigo, na linavuja."

"Gari likikwama njiani Tumaini atajinyoosha wapi? Atakaa kitini na tumbo lile?"

Akakuna kichwa, kisha akaenda kuchota maji.

Mara hii yeye ndiye aliyeingia ndani, mimi nikapanda ngazi na jagi. Maji yalidondoka upande wa miguuni. Nikaingia, nikapapasa mshono kama ulivyofanya wewe, nikautafuta kwa kidole mpaka juu ya dirisha. Uzi ulikuwa umeoza, na kitambaa kimetafunwa na panya kwenye mkunjo. Nilikata kiraka kwenye turubai letu la kuanikia mpunga, nikakishona kwa mkono, nikapaka silikoni ndani na nje, tukaliacha wazi juani. Kesho yake nikamwaga tena.

"Pakavu," Aloyce akasema.

Nikamwaga jagi zima.

"Pakavu, shemeji."

Nilishikilia ngazi nikalia. Yeye alikuwa ndani, hakuniona.

Kwenda tulifika salama. Wakati wa kurudi, kabla ya Mlimba, lori lilikuwa limezama kwenye tope na kuziba barabara, na mvua ikashuka kweli. Miguu ya Tumaini ilikuwa imevimba. Mvua ilipopungua kidogo tukampandisha ngazi polepole, Aloyce akimkinga kwa nyuma, mimi juu nimemshika mikono. Alilala kwa ubavu. Mvua ikarudi kwa nguvu ikipiga hema, na mimi macho yangu yakawa kwenye kile kiraka. Hata tone halikupita.

"Mama," akaniambia, "baba alikuwa analala upande gani?"

"Huo uliolalia."

Akapitisha kiganja kwenye godoro. "Tangu msiba hujamtaja. Nilidhani hutaki tumzungumzie, na mimi nikaogopa kukuumiza."

Sikujua kwamba alikuwa akikuomboleza peke yake muda wote huo, akidhani ananisaidia. Nami nilinyamaza nikidhani namsaidia yeye. Basi nikaanza kumsimulia. Nilimwambia ulivyokuwa ukiimba vibaya kanisani kwa sauti ya juu, na ulivyolala njaa siku moja Mlimba ukidai umeshiba ili mimi nile. Alicheka mpaka akashika tumbo, kisha tukalia pamoja. Lori lilipovutwa hatukuharakisha kushuka.

Alijifungua kwa upasuaji, mtoto wa kiume. Wote wazima. Wako hapa ndani, nasikia mtoto anagombana na nguo anazovishwa.

Akipata nguvu nitawarudisha Masagati. Aloyce ananifundisha kuendesha, na anasema breki nazikanyaga kama naua nyoka, lakini nitafika.

Pumzika, mume wangu. Tumaini anauliza habari zako kila siku, na mimi namjibu.

Mkeo,
Mama Tumaini