Pumzi Zangu, Tarumbeta Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Nimemaliza dawa za kifua kikuu. Nimepona! Nikaenda moja kwa moja mazoezini. Kipenga — mkuu wa bendi yetu, anatuendesha kwa filimbi kama refa — hata pole hakunipa. Kanishikisha matoazi. Eti mapafu yangu yamekwisha, tarumbeta sasa ni ya shemeji yake. Yule anayepuliza kama anapoza chai! Mimi, matoazi? Nimeyaacha sakafuni.

Jumatano, 5 Machi
Daktari kaitundika picha ya kifua changu kwenye taa. Mama yule hazungushi maneno. Hewa, anasema, inashuka kooni, inaingia kwenye matawi, kisha vitawi, mpaka kwenye vifuko vidogo mno, mamilioni. Kuta zake nyembamba kuliko karatasi. Damu inapita ng'ambo ya ukuta, inachukua oksijeni, inarudisha kaboni dioksidi, nami naitoa nje. Kila pumzi.

Kisha akagusa weupe, juu kulia. Makovu. Hapo hewa na damu hazibadilishani kitu tena, wala hapatarudi kama zamani. Machozi yakanilengalenga.

Na kwingine? nikamuuliza. Kwingine kunafanya kazi, akasema. Nianze kidogo kidogo. Nikisikia kizunguzungu, niache.

Kumbe tarumbeta naipuliza kwa hewa inayotoka — ile ambayo mwili umeshamalizana nayo! Nimecheka mpaka nikakohoa.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepuliza jikoni, tarumbeta yangu mwenyewe, si ile ya bendi. Noti moja, ikakatika. Mume wangu kaja mbio, kashika kichwa. Anasema ameniuguza vya kutosha, kwa nini najitafutia kaburi? Nikamwambia azibe masikio. Hakuziba. Kavuta kiti, kakaa.

Jumanne, 11 Machi
Noti ndefu! Jirani kagonga ukuta. Nikampigia nyingine.

Jumamosi, 15 Machi
Naandika nikiwa stoo, nyuma ya jukwaa. Bendi inapiga leo, nami nimewafuata bila kuitwa. Ukumbi umejaa, harusi ya watu wazito. Shemeji mtu kauboronga wimbo wa maharusi kuingia — bwana harusi kacheka, bibi harusi karibu alie. Nikatoa tarumbeta yangu. Kipenga akanirukia: lete hapa, utatufia jukwaani! Nikakimbilia humu, nikatia komeo.

Anagonga. Agonge.

Sasa kuna sauti nyingine. Mume wangu! Anamwambia Kipenga aondoke mlangoni, mkewe anatoka. Kipenga anauliza, akianguka je? Mume wangu: nitamdaka mimi.

Kizunguzungu hakuna. Mkono uko kwenye komeo. Nimevuta pumzi —