Chumba cha Nyuma ya Uzio

Jumatatu, 3 Machi
Nimeamka, nimekohoa, nimetoka nje. Kila siku hivyo. Nalala sebuleni kwa mwanangu Magesa, na mlango wa bafu unatazama godoro langu. Nikikohoa mara moja, mke wake anajua niko macho, anarudi chumbani. Nikifika nje nakohoa tena, ndiyo anaenda kuoga. Kwetu Butiama baba mkwe halali paa moja na mke wa mwanawe. Hapa mjini paa ni moja tu, nalo la kupanga. Nimekohoa miezi miwili mpaka jirani kaniletea tangawizi, eti kifua. Kifua changu kizima. Tangawizi nimekunywa.

Nimemwambia Magesa natafuta chumba. Kanuna. Eti watu watasema kamfukuza baba. Kurudi Butiama nako hataki, kwa sababu ya kliniki ya macho. Haya naandika kurasa za nyuma za daftari la kliniki. Daktari akiligeuza, shauri yake.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata dalali, anaitwa Masatu. Anatembea kama choo kimembana. Chumba cha kwanza kiko ukuta kwa ukuta na baa. Nilikipenda sana. Masatu kasema, "Babu, hapa hutalala." Nikamwambia kulala nimelala miaka sabini na nne, imetosha. Tatizo, mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka mzima. Cha pili, dirisha linatazama kitanda cha mtu. Cha tatu walikuwaga wanafuga nguruwe. Nguruwe wamehama, harufu bado.

Miguu inauma. Lakini nimefurahi. Nimechungulia nyumba za watu kihalali.

Ijumaa, 7 Machi
Kimepatikana! Hapa hapa mtaani kwetu Iringo, nyuma ya uzio wa Magesa. Mlango wa peke yake, choo cha uani, kodi ya miezi mitatu. Nikiuza mbuzi wawili inatosha. Mwenye nyumba ni Mama Nyangeta, mjane, anauza dagaa. Kanitazama kuanzia kofia mpaka kandambili. Kasema, "Mzee wangu, usinielewe vibaya. Ukinifia humo ndani, nani atapanga tena?"

Nikamwambia sijawahi kufa hata mara moja, aulize popote. Hakucheka. Aliyecheka ni Masatu. Soda niliyomwahidi nimeinywa mwenyewe.

Jumapili, 9 Machi
Mkwe kaondoka na mjukuu wangu mdogo, kaenda kwao Bunda. Eti mama yake anaumwa. Mama yake nilimwona majuzi hapa stendi, mkungu wa ndizi kichwani, anagombana na konda. Yule haumwi. Ugonjwa ni mimi.

Magesa kaingia jikoni mwenyewe. Kapika ugali mbichi, tumekula hivyo hivyo. Asubuhi sikukohoa. Hakuna wa kumkoholea. Nimeona aibu. Nisipotoka humu, mke harudi.

Jumatatu, 10 Machi
Nimerudi kwa Mama Nyangeta na karatasi. Nimeandika kwa mkono wangu, darasa la nne la zamani: mimi nikijisikia kufa nitapanda gari la Butiama mapema, na nauli itakuwa mfukoni. Hapo alicheka mpaka dagaa wakamwagika. Halafu akafuta macho, akasema nilete ndugu aweke sahihi kwamba lolote likitokea atakuja kunichukua. Atanisubiri mpaka Jumamosi. Kuna mwalimu naye anakitaka.

Jumatano, 12 Machi
Magesa kakataa. "Nisaini karatasi ya kumtoa baba yangu ndani?" Kapiga meza, chai yote chini. Anampenda baba yake, mjinga huyu, na mke anampoteza. Nimekasirika. Nimemfichia viatu vya kazini. Haijasaidia.

Alhamisi, 13 Machi
Nimeenda Bunda mwenyewe. Mama wa mkwe kaniwekea kiti uani, kanisalimia kwa mbali, kaingia jikoni. Mkwe alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango. Mimi na yeye hatuongeagi uso kwa uso, na jina lake silitaji. Lakini uani palikuwa na mbuzi kafungwa.

Nikamweleza mbuzi kila kitu. "Wewe mbuzi, nimepata chumba nyuma ya uzio. Nataka ndugu wa kunisainia. Beberu wako amekataa."

Mbuzi anatafuna. Kisha sauti ikatoka nyuma ya pazia: "We mbuzi, muulize mzee, hicho choo kina mlango?"

Nikamjibu mbuzi kina mlango, na komeo juu.

"Basi aiache karatasi kwenye kigoda."

Nikaiacha, nikageuka nikahesabu bodaboda zinazopita barabarani. Nilipogeuka tena imesainiwa. Majina matatu, namba ya simu, na kalamu juu yake isipeperuke. Mbuzi nusura aile.

Jumamosi, 15 Machi
Nimehama. Mama Nyangeta kaisoma karatasi mara mbili. Kasema miaka yote anapangisha, hajaona mkwe wa kike kuweka sahihi namna hii. Kahesabu hela ya mbuzi wangu wawili, kanipa ufunguo. Masatu nimemnunulia soda yake.

Magesa kaisoma pia. Kasimama mlangoni muda mrefu kama nguzo ya umeme. Halafu kabeba godoro langu kichwani, peke yake, kapita njia ya mbele. Jirani wa tangawizi kamuuliza mzee anaenda wapi. Kajibu kwa sauti, "Baba kapanga chumba!" Utadhani nimenunua ghorofa.

Jioni mkwe karudi. Nimeona taa imewaka jikoni kwao.

Jumanne, 18 Machi
Nimeamka jua limeshatoka. Sikukohoa.

Mlangoni nimekuta sahani imefunikwa. Viazi vitamu na kipande cha samaki, sato. Sikusikia aliyeileta. Nimekaa kizingitini nikala.

Ng'ambo ya uzio maji yakaanza kumwagika bafuni kwa Magesa, na mtu akaanza kuimba. Nilifikiri redio. Ni mkwe. Miezi miwili ndani ya nyumba ile, sikujua kama anaimbaga. Anaimba vibaya, sauti inapanda pale pa kushuka. Nimekula polepole mpaka ndoo yake ilipokwisha.