Ndoano ya muzungu ku Kalungwishi

Arlène! Arlène, uko? Wacha kazi, soma hii.

Blanchard, bwana ya Jeanine, anatoka sasa hivi kupiga muzungu na kafi ya bwato. Hapa ku muto Kalungwishi! Damu ku pua, ku shati, kila fasi!

Unajua mwaka huu mvula ilikosa, muto umebakia kadimbwi, nyavu za Blanchard zinatoka bure. Sasa muzungu anasimama mu mayi na kafimbo kake ka kuvua, kamba na ndoano ya manyoya ya kudanganya samaki. Anavuta samaki mukubwa sawa muguu yangu. Anamutoa ndoano pole pole, anamuambia na Kiswahili yake ya kuvunjika: "Enda." Anamurudisha mu mayi. MU MAYI, Arlène!!

Blanchard akapanda hasira: "Batoto yangu balilala njaa, na we unachezea chakula?" Pah! Pah! Kafi ku pua, muzungu chini! Kafimbo, vunja! Akavuta ile kamba na nguvu, ndoano ikamuingia Blanchard mwenyewe ku mudomo. Akalia sawa mbuzi.



Muzungu akasimama, damu inatiririka, akamushika Blanchard kichwa. Jeanine akapiga yowe: "Anamuua!"

Kumbe anamutoa ndoano. Pole pole.

Na sauti ile ile, Arlène: "Enda."