Nimemwambia Mkwe Zege Limepigwa na Baridi

Mpendwa Bi Wanu, shikamoo. Naomba unisaidie kabla watu hawajavunja ndoa kwa uongo wangu, maana nilikoufikisha sijui nitaurudisha vipi.

Mimi ni fundi wa zege, kwetu Ng'ambo. Mwaka juzi nilipelekwa Ujerumani miezi minane kujifunza kazi hiyo, na tangu nirudi watu wananiita Mjerumani, na mimi naitika. Basi mwezi uliopita baba mkwe wangu, Mzee Mmanga wa Chukwani, alinitaka nimwage zege ukumbini kwake, kwa sababu ndipo itakapofungwa ndoa ya Kidawa, mdogo wake mke wangu, na mimi siku ile nilikuwa na haraka ya kwenda Amani kutazama mpira, nikazidisha maji ili zege lisawazike upesi, na maji yakiwa bado yamesimama juu nikanyunyiza saruji kavu nikalipiga mwiko mpaka likang'aa, nikaondoka, wala sikurudi kulimwagilia siku nne. Niliporudi nikakuta uso wa sakafu unabanduka maganda kama samaki anayeparwa magamba, na ukipitisha mguu unatoka na unga.

Mkwe akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hii imekuwaje?"

Ningeweza kusema kweli palepale, lakini mke wangu Mwanakheir alikuwa amesimama ananitazama kwa fahari, nikajikuta nasema, "Baridi hii, baba. Kule Ujerumani zege changa likipigwa na baridi huharibika uso, mpaka tunalifunika." Na kule ni kweli, Bi Wanu, ila kule maji huganda yakawa kama jiwe, na hapa ni kipupwe tu cha Julai, mtu anatembea na fulana.

Mkwe aliamini kuliko nilivyotaka. Alikusanya mablanketi yote ya nyumba akaifunika sakafu, akaazima na ya majirani, akaweka seredani nne za makaa pembeni, na moshi unamkohoza mama mkwe, ambaye sasa hulala na kanga mbili kwa sababu blanketi lake liko sakafuni. Jirani yao Bi Mize naye ameuvika ukuta wake shali. Kila asubuhi naitwa kupima, nainama, nalaza kiganja, nami nasema, "Bado kidogo," kwa sababu nikisema imepona watafunua na maganda yako palepale. Harusi imeshaahirishwa mara mbili. Wazee wa bwana harusi walikuja kutoka Tumbatu, wakaambiwa sakafu imepigwa na baridi, bado haijapona, mmoja akauliza huyo Bi Sakafu ni nani kwa bibi harusi, na alipoonyeshwa mablanketi akavaa viatu vyake wakaondoka, na wametuma neno kwamba Ijumaa ya pili ikipita hakuna ndoa, watamtafutia kijana wao nyumba yenye sakafu nzima.

Je, siwezi kusema baridi imeondoka yenyewe, kisha nikaitengeneza polepole baada ya harusi?

Mimi, Mjerumani, Ng'ambo.

*

Marahaba, Mjerumani. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha nikasoma tena, na mara ya pili sikucheka.

Jibu la swali lako ni hapana. Jina lako umelificha, ya wenzako umeyataja yote. Nimeyabadilisha, lakini ni nyumba ngapi kisiwani hapa zilizoilaza sakafu na kuifunika? Mkweo atasomewa gazeti hili kabla ya chai kupoa.

Nakuonea huruma kwa lile la mkeo kukutazama. Hapo wengi wangeteleza. Uongo wa ghafla nausamehe. Lakini wewe unaamka kila asubuhi, unakwenda Chukwani kwa miguu yako, unainama na kuusema upya, na mama wa watu anakohoa pembeni. Hilo haliitwi kuteleza.

Nimemuuliza fundi ninayemwamini. Anasema kosa lako ni maji: uliyamimina mengi yalipotakiwa machache, ukayanyima yalipotakiwa. Seredani zizimwe leo. Mablanketi uyafue wewe, uyarudishe kwa wenyewe. Uso mbovu uuchonge kwa patasi mpaka ufike penye zege gumu, ufagie, ulowanishe, upige upya kwa saruji na mchanga, kisha ufunike kwa magunia mabichi siku saba, kila siku uyamwagie maji, na mpira usubiri. Ndoa isisubiri. Tandikeni majamvi uwanjani, Ijumaa hii. Nikaha inataka walii na mashahidi, haitaki zege.

Sasa nisikilize vizuri. Nimehesabu: mablanketi umeyataja mara tatu, Kidawa mara moja. Hukuniambia kama analia au kama anakula. Watu wa Tumbatu wanaamini kijana wao amekataliwa, na majirani wakichoka kuulizana habari za sakafu watauliza bibi harusi ana kasoro gani. Wewe unahofia jina la Mjerumani. Yeye jina lake limo mdomoni mwa watu na hajui kwa nini.

Kwa hivyo usianzie kwa mkweo. Mchukue mkeo, mwende kwa Kidawa, ukae chini, umwambie, "Harusi yako nimeichelewesha mimi." Neno baridi usilitaje. Kisha umwambie baba yake hivyohivyo, na kesho yake uvuke Tumbatu ukawaambie wazee.

Kidawa ana haki ya kukwambia lolote. Usimkatize. Akimaliza, ndipo uende kufunua sakafu.