Barua Hii Asiisome Mzee Isaiah

Woodley, Nairobi
29 Novemba 1975

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa binti yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti lako limepoa, na mahindi yote yamekwisha kuanikwa. Joash naye hajambo? Mwambie dada yake anamkumbuka, ingawa yeye hunikumbuka akitaka viatu tu. Sisi huku tu wazima wa mwili. Habari za moyo nitakueleza.

Kabla ya yote, naomba sana, barua hii asiisome Mzee Isaiah. Namheshimu, ni shemasi wetu, lakini kila akikusomea barua zangu huchomeka mahubiri yake katikati, halafu wewe unanijibu mambo ambayo sikuyaandika. Mara ya mwisho ulinishukuru kwa kuacha chai. Mama, sijaacha chai. Leo nataka unisikie mimi mwenyewe, kwa sababu nina hasira, na hasira yangu sitaki iombewe kabla hujaisikia.

Maneno yako ya Agosti, tulipokuja likizo, sijayasahau. Peres, binti wa Joash ninayeishi naye hapa tangu aanze shule, alisimama kanisani akasoma somo la Jumapili bila kukosea, na akina mama wakapiga vigelegele. Kisha Mzee Isaiah akafunua ukurasa mwingine akamwambia aendelee. Mtoto akaendelea, lakini kwa maneno yaleyale ya kwanza. Watu walicheka mpaka nje. Wewe hukucheka. Jioni uliniambia kwamba kichwa cha mtoto huyu ni kizito, sare na nauli vinapotea bure, na kama Krismasi itafika hajui kusoma, basi asirudi tena Nairobi, akae nyumbani ashike jembe. Kesho yake tukapanda basi, na jibu lako likabaki deni.

Lakini Mama, Peres si mjinga. Tumemfundisha hivyo sisi walimu wenyewe. Tangu ada iondolewe mwaka jana, madarasa yamejaa mpaka wengine wanakalia madirisha. Kitabu kimoja kinagombaniwa na watoto watano. Mwalimu anasoma, watoto wanaitika kwa pamoja, kama wimbo. Mwenye masikio mepesi anashika kitabu kizima kwa kusikia tu, na macho yake yanabaki yamelala. Peres ana masikio mepesi kuliko wote.

Ndiyo maana nilifurahi serikali ilipotoa fedha mwanzoni mwa mwaka huu kwa ajili ya watoto waliokwama. Shule yetu hapa karibu na Adams Arcade ilipewa chumba kizima cha kusomea, vitabu vipya, na mimi nikapunguziwa masomo ya mchana niwashughulikie hao tu. Niliwaketisha mmoja mmoja, nikamwekea kila mtu kidole chini ya neno. Kazi ilikwenda polepole kama kuchambua maharagwe, lakini ilikwenda. Muli, mtoto wa fundi viatu, alianza kuyatambua maneno mafupi. Peres alikuwa bado. Nikajiambia, tuna mwaka mzima.

Septemba mkaguzi akaja kutoka mjini, Bwana Jamleck, kutazama kama fedha za umma zinafanya kazi. Unajua desturi yetu, mgeni akija lazima aonyeshwe mazuri. Mkuu wetu wa shule, Bwana Ndungu, aliwapanga watoto wangu mstari mmoja akawaambia wamsomee mgeni ile hadithi ya sungura na kisima. Mama, walisoma! Walisoma mpaka mwisho bila kupumua, kwa sauti moja. Muli alikishika kitabu juu chini, miguu ya sungura ikitazama mbinguni, na Bwana Jamleck akampigia makofi. Nilifungua mdomo nimwombe awafunulie ukurasa mwingine, kama alivyofanya Mzee Isaiah. Bwana Ndungu akanikanyaga mguu. Kisha wakaenda kunywa chai.

Baada ya majuma mawili jibu likaja. Watoto wamefaulu vizuri, tunapongezwa, na kwa kuwa sasa wanajua kusoma chumba hakihitajiki tena. Fedha zitapelekwa kwingine. Leo kile chumba kimejaa viti vilivyovunjika, na vitabu vimefungiwa kabatini visije vikachafuka. Bwana Ndungu alinipa mkono wa hongera. Karibu niukatae.

Nikaomba ruhusa, nikaenda mjini. Niliketi kwenye benchi la ofisi yao tangu asubuhi, nikipelekwa dirisha hili, nikirudishwa dirisha lile, mpaka msichana wa mapokezi, Waceke, akanihurumia. Nikamweleza kwamba wale watoto hawajui kusoma, wanajua kuimba tu. Akanitazama kama mtu aliyepotelewa na akili. “Mwalimu, watoto wako wamepita na bado unalia?” akasema. “Hiyo maneno imekwisha. Si ungojee ile mwaka ingine?” Mwaka mwingine, Mama! Wakati wewe umenipa mpaka Krismasi. Nilitembea kwa miguu kutoka mjini mpaka Woodley, na njia nzima nilikuwa namgombeza Bwana Jamleck peke yangu barabarani. Watu walinipisha.

Jioni hiyo nilipitia buchari ya Adams. Nilipofika nyumbani na kuifungua nyama, nikaliona lile gazeti ilimofungiwa. Nikafikiri: karatasi hii hakuna aliyemwimbia Peres. Nikaiweka mezani na mafuta yake, nikamwambia asome. Akafungua mdomo kama kawaida yake, akitafuta wimbo, wimbo haukuwapo. Akaigeuza karatasi upande wa pili. Mwisho akasema, kwa sauti ndogo sana, kwamba yeye hakujua kuwa maneno yanakaa kwenye karatasi. Alidhani yanakaa kwa mwalimu, na karatasi ni ya kushika tu. Nililia, Mama. Sikumwonyesha, lakini nililia.

Tangu siku hiyo, kila nyama ilipoingia, gazeti lilisomwa kabla sufuria haijabandikwa. Tulikula tumechelewa sana. Lugha ilikuwa ya nyumbani, Kiswahili anachokielewa, si kile Kiingereza cha kuitikia. Neno la kwanza alilolipata peke yake lilikuwa “viroboto”, kwenye tangazo la dawa. Alilitamka kipande kipande, kisha maana ikamfikia, akaanza kujikuna na kucheka mpaka jirani akagonga ukuta. Sijawahi kuwashukuru viroboto maishani ila siku ile.

Hata hivyo hasira yangu haijaisha, nisikudanganye. Huyu mmoja anakaa kwangu. Wale wengine nani atawafungulia nyama? Muli amerudi kwenye kuitika, na anaitika vizuri, na atapandishwa darasa. Nilijaribu kuwaita kwangu Jumamosi, wazazi wakaniuliza kwa nini, na barua ya pongezi walikwisha kuiona.

Sasa nikuambie jambo nililolificha tangu mstari wa kwanza. Bahasha hii naifunga mwenyewe kwa gundi, Peres akiwa ametumwa mkate. Hajaona hata neno moja. Namkabidhi Zedekiah, yule fundi seremala wetu anayerudi nyumbani, awafikishe wote wawili, mtoto na barua, na namwagiza Peres aifungue mbele yako tu na akusomee. Najua ulipoona ni yeye anayeisoma ulidhani nimemkaririsha tena. Sikumkaririsha, Mama. Kila ulilolisikia amelitoa kwenye karatasi. Kama amekwama njiani, basi maneno haya hayajakufikia, na mimi nimeshindwa. Lakini kama unayasikia, jibu langu la Agosti ndilo hilo.

Na wewe, Peres, ambaye umejua habari za jembe leo kwa kuzisoma mwenyewe, usimkasirikie nyanya yako. Aliogopa kwa ajili yako. Vuta pumzi, meza mate, umalizie. Imebaki kidogo.

Mama, naomba anirudie Januari. Nami nitarudi mjini kwenye benchi lao, na safari hii sitaondoka mpaka mtu aje awafunulie watoto wangu ukurasa mwingine.

Nisalimie Joash, wasalimie akina mama wa kanisani waliopiga vigelegele, na wale waliocheka pia. Mzee Isaiah msalimie kwa namna yake: mpe barua hii, aweke kidole popote apendapo, na Peres aanzie hapo.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Lornah Nakhumicha