Tata, Sitasema Aliyekuosha Ni Mtu Mwingine

Mpendwa Tata,

Jumapili mwanao Onsongo na wenzake walikuja tena, wakakalia viti vyako, naye akasema maneno ambayo ni afadhali uyasikie kutoka kwangu. Anadai wosia wako si halali. Eti mzee mwenye akili timamu hawezi kukubali kuoshwa na mke wa mwanawe, kwa hivyo uliporidhia nikuoshe, akili ilikuwa imeshakutoka, na shamba ulilotuandikia mimi na watoto wa marehemu mume wangu Momanyi ni lake. Jumanne ijayo tuko mahakamani Ogembo.

Nilicheka, baba mkwe wangu. Kisha nikakasirika, na hasira hiyo bado ninayo.

Unakumbuka miaka yetu ya kwanza? Momanyi aliponioa akanileta hapa Nyamache, nilikuta chinsoni, ile heshima ya wakwe, imeshatuwekea mipaka. Mke wa mwana hampi baba mkwe mkono. Haketi kitandani kwake wala hakanyagi chumba chake cha kulala. Nawe ulikuwa muungwana, ulikohoa mara mbili kabla ya kupita jikoni ili nijitengeneze. Nilikuwa naweka chakula mezani na kutoka, na utani wako ukinifuata dirishani: "Kemunto, hii ugali ngumu ikiangukia ng'ombe, tutachinja." Tuliheshimiana hivyo miaka kumi na miwili na sijutii hata siku moja.

Halafu Momanyi akafariki, na mwaka uliofuata kiharusi kikakuangusha ukichuma majani chai. Mama mkwe alikuwa ametangulia zamani. Onsongo alipiga simu kutoka Nairobi akasema tutafute mtu wa kukutunza. Tukampata mwanamume mmoja, akakaa siku tisa akaondoka. Siku ya kumi nilikukuta umelala kwenye mkojo tangu jana yake, mlango wazi, nami nimesimama kizingitini na maji ya moto nisiweze kuingia. Tulitazamana. Wewe ndiye uliyeanza kulia. Nikakimbia kumwita jirani.

Hapo ndipo nilipokujua. Ulingoja ulimi uliofungwa na kiharusi ufunguke, ukamwita wakili kutoka mjini, daktari wa kukupima akili, na mzee wa kanisa. Uliketishwa uani, majirani wakipita njiani, ukasema:

"Andika hivi. Nikishindwa kujiosha, Kemunto ndio ataniosha. Hajajiita, nimemuita mimi. Mtu akiona ni aibu, aniletee mimi hiyo aibu."

Wakili akakuna kichwa. "Mzee, hata hiyo ya kuosha iingie kwa karatasi? Si tuandike tu ya shamba?"

"Ingiza. Shamba haliniumi. Kulala kwa mkojo ndio kunaniuma."

Daktari aliandika kwamba unajua unachosema. Mashahidi wawili wakatia sahihi. Onsongo alisomewa yote kwa simu, neno kwa neno, akasema ni sawa. Wakati ule "sawa" ilikuwa inampunguzia kazi.

Asubuhi ya kwanza nilikufunika lesso, nikaweka beseni kwenye kigoda, na sabuni ikaniponyoka mara tatu. Wewe ulitazama ukuta. Kisha ukasema, "Umenyamaza kama unaosha maiti. Imba hata kidogo." Nikaimba wimbo wa kanisani, vibaya, nawe ukanikosoa. Tuliendelea hivyo miaka mitatu, na ulitutoka bila kidonda hata kimoja mgongoni. Hilo najivunia kuliko shamba.

Sasa sikia walichonitaka. Jumapili hiyo, mzee wa kanisa, yule yule aliyetia sahihi, alinivuta kando karibu na migomba.

"Kemunto, sema tu ni yule mwanamume wa kumtunza alikuwa anamuosha. Onsongo ataondoa kesi. Maneno ya watu sokoni ndio yanamchoma. Wewe ubaki na shamba, yeye abaki na jina."

Sikudanganyi, nilishawishika. Nina watoto wawili shuleni na sina pengine pa kwenda. Sentensi moja tu, na kila mtu angekwenda zake kwa amani. Nimetembea nayo siku mbili kwenye majani chai, nikiijaribu mdomoni.

Imekataa kutoka. Yule wa siku tisa hatapewa miaka yangu mitatu. Na wewe uliyesema mchana kweupe jambo ambalo wazee wengi wa hapa wanakufa nalo kimya, sitakugeuza kuwa mtu wa kufichwa. Ulipanga uzee wako ukiwa na akili kutushinda sote. Kabla hawajaondoka nilimuuliza Onsongo, "Shemeji, wewe ukilala mgonjwa, nani atakugeuza? Umeandika wapi?" Akaanza kutafuta kitu kwenye simu yake.

Nimekukosa, Tata. Nyumba imekuwa kubwa, na kila asubuhi nabandika maji mengi mno jikoni kabla sijakumbuka. Wacha waseme chinsoni niliivunja. Mimi najua heshima niliyokupa mlango ukiwa umefungwa na ile niliyokupa mlango ulipofunguliwa, na sioni ipi ilikuwa ndogo.

Ila najijua pia. Najua ninavyoweza kulegea nikiwa kwenye benchi la mahakama, watoto wakiwa kando yangu, na mzee wa kanisa akininong'oneza mara ya mwisho. Ndiyo maana barua hii sikuitia kwenye bahasha. Nimeitoa isomwe na watu wote kuanzia Nyamache hadi Birongo kabla ya Jumanne, ili nikisimama mbele ya hakimu nisiwe na uongo wowote uliobaki wa kusema.

Pumzika, Tata.

Mke wa mwanao, niliyekuosha,
Kemunto