Gari Nililolizuia Msibani Kwako

Mpendwa mtani wangu Chande,

Nimechoka. Naanza na hilo kabla hujanitukana huko uliko, maana najua ungesema, "Umechoka nini wewe, kazi yako kukaa barazani na kusifia safari za zamani?" Sawa. Lakini uchovu huu si wa mgongo. Mgongo wangu umekaa kwenye viti vya malori kutoka Beira mpaka Lubumbashi, umelala foleni Tunduma siku tisa, na mpaka leo hapa Nachingwea hakuna dereva aliyeiona dunia kama mimi, hata hao waliomaliza kidato cha nne. Darasa la tano nililiacha mwenyewe, sikufukuzwa, andika hivyo huko. Uchovu wangu ni wa gari lako.

Lilikaa uani kwangu chini ya turubai zaidi ya mwaka. Jekundu vilevile, fupi vilevile, na ile eksozi yako nene kama bomba la mashine ya kusaga.

Unakumbuka lilivyofika Ruangwa? Lilikuja juu ya lori, ubavu umepondwa, watu wakasema hilo ni la wanunuzi wa vyuma chakavu. Wewe ukaliingiza gereji, ukakaa nalo misimu miwili ya korosho. Siku lilipowaka kuku wa mtaa mzima walikimbia, na mwalimu wa madrasa akafunga madirisha. Ukanifungulia mlango. "Panda, mtani. Leo utajua kwamba lori si gari, lori ni jengo."

Nilipanda. Mimi niliyeshusha mizigo kwenye makona ya milima ambayo wengine wanasoma dua kwanza, siku ile nilishika mlango kwa mikono miwili. Ukaweka gia ya pili, ukakanyaga, na gari likasita kidogo, kama linakufikiria. Halafu turbo ikaamka na kifua changu kikabaki nyuma Ruangwa. Ile kusita ndiyo ilikuwa utamu wenyewe. Ulikuwa unaisubiri huku unacheka, mkono kwenye gia, mguu kwenye klachi, mwili mzima una kazi. Kokoto zinagonga chini, vumbi jekundu linatufuata, na mimi napiga kelele, "Taratibu, Chande, nina watoto!" Na wewe: "Watoto wako wangependa baba mwingine!"

Basi hatukuongea, tulipiga kelele tu. Ndani ya lile gari hakuna aliyewahi kuongea.

Lakini tuseme ukweli, mtani, wewe umeshakufa na mimi sina nguvu za kukupamba. Lile gari halikuwa na faida yoyote. Njia ya Mandawa kwenda shambani kwako lilikuwa linaenda miezi ya kiangazi tu, na hata hapo liliburuza tumbo. Siku ile jiwe lilipotoboa tangi, tulilala chini wazee wawili, tukaziba kwa sabuni ya mche, petroli inatudondokea kwapani. Ufuta wote wa mkeo, shemeji Bi Esha, ulitoka shamba kwa pikipiki. Halikubeba hata gunia moja. Mafuta lilikuwa linakunywa kama mgeni asiyejua kuaga. Na bado ulilifuta kwa kanga yake mpya, akakununia wiki nzima.

Na siku ile tulipoona kwenye simu gari la umeme likiliacha mbioni la petroli lenye jina kubwa, limeliacha kimya kimya bila hata kukohoa, ulirudisha simu kwa mwenyewe ukasema, "Hilo ni feni lenye matairi." Nikacheka mpaka kahawa ikanitoka puani. Nikakuunga mkono. Nikasema gari lisilonguruma ni sawa na ngoma isiyochezwa. Tulikuwa na akili sana siku hizo.

Halafu ukafa.

Msibani nilifanya kazi yangu. Ukoo wenu na ukoo wetu ni watani tangu babu zetu, na mtani asipochekesha msibani nani atafanya? Nikaja na koti la mvua juani. Nikawaambia wachimba kaburi wapunguze urefu, marehemu alikuwa anajidai mrefu tu. Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Halafu nikachukua ufunguo wa gari lako msumarini, nikakaa juu ya boneti, nikatangaza: "Gari hili ni langu! Watoto wake hawajui gia. Asiyetaka aje tupigane!" Nikaondoka nalo, eksozi inalia, na nilipofika njia ya Nachingwea nililisimamisha pembeni nikalia kama mtoto aliyeachwa sokoni.

Wewe unajua utaratibu. Mtani akizuia kitu msibani, wenye msiba wanakuja siku chache baadaye na kuku na matusi mazuri, wanakigomboa, mnakula, mnacheka, mambo yanakwisha. Nikasubiri. Ikapita arobaini. Nikasubiri. Kila Ijumaa naliwasha, nalifuta, namwambia mke wangu, "Hawa watu wa Ruangwa wanatafuta kuku mkubwa." Mwaka ukaisha. Nikaanza kuona wamenidharau. Nikakasirika, mtani, niseme kweli. Nikaacha hata kuliwasha.

Mwezi uliopita nikasikia binti yako Somoe, mwalimu Somoe, amenunua gari la umeme. Nikasema hapo ndipo pa kuanzia. Nikapanda basi mpaka Ruangwa, nimejaza maneno mdomoni. Nikamkuta nje ya nyumba yake, anapoishi na mama yake, waya umetoka dirisha la jikoni umeingia kwenye gari, mfano wa mgonjwa kwenye dripu.

"Mwanangu, hilo feni linakula ugali au uji?"

"Shikamoo, baba mdogo." Baridi. Hakucheka.

"Marahaba. Kuku wangu yuko wapi? Gari la baba yako mtaligomboa lini?"

"Kugomboa? Si ulisema ni lako? Mbele ya watu wote, baba hajakauka udongo?"

"Ule si utani, mwanangu?"

"Mimi nimekulia Dar kwa shangazi, nitajuaje? Mama alikuwa ndani ya eda. Baba mkubwa alikuwa hajitambui. Nani alikuwa wa kutuambia?" Halafu akaninong'oneza, ili mama yake asisikie ndani, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. "Mama amepelekwa kliniki ya macho kwa pikipiki mwaka mzima. Mvua, vumbi. Nikasema nitajinyima ninunue langu, kuliko kwenda kumpigia magoti mtu aliyechukua gari la baba siku ya maziko."

Mtani, mimi nimewahi kujibu maofisa wa mipaka minne kwa lugha nisizozijua. Pale niliyameza yote niliyoyajaza mdomoni kwenye basi. Ule utani wote, babu na babu, na mimi nilikuwa mwizi kwa mwaka mzima bila kujua. Nikakaa chini palepale kwenye kizingiti.

Bi Esha ndiye aliyetoka. Akasikia habari yote, kisha akasema, "Kwetu ng'ambo ya Ruvuma mtani anachukua jembe, shemeji. Hachukui gari. Na mimi nilidhani mlikubaliana ninyi wawili, maana mlikuwa wajinga pamoja." Akaingia ndani akachukua mtandio. "Haya twende Nachingwea. Nataka kuliona."

Somoe akaniambia niendeshe. "Si dereva wa dunia?"

Basi niliendesha feni, Chande. Usizime taa ya kaburi, nisikilize. Nilikanyaga nikisubiri ile kusita, na halikusita. Lilikuwa limeshaondoka, mimi bado najiandaa. Mkono wangu wa kushoto ulitafuta gia mpaka ukaona aibu, ukatulia juu ya paja. Betri iko chini, nzito, kwa hiyo kwenye mchanga halikuyumba kama lako. Kilima kile ulichokuwa unakipanda kwa gia ya pili na matusi, hili lilikipanda kama hakipo. Ukiachia mguu linajizuia lenyewe. Nilitafuta kasoro kwa bidii.

"Umeme ukikatika?"

"Nasubiri. Ninyi petroli ilipokosekana mlifanyaje?"

"Tulisubiri."

"Haya."

"Na Dar unafikaje?"

"Nalala Kilwa, nampa mwenye gesti pesa ya umeme, napitisha waya dirishani. Siku mbili. Kwenda kliniki na kurudi, chaji moja inatosha siku tatu."

Kwa faida, limekushinda vibaya. Kwa mbio limekushinda pia, na hilo linauma. Kwa raha ya kuendesha, hapana. Nilifika bila kuchoka mkono, na mtu akifika hivyo anaona kama kaletwa. Lakini kulikuwa na kitu sikukitegemea. Kulikuwa na kimya. Na ndani ya kimya kile Bi Esha, amekaa nyuma, alianza kuongea kwa sauti yake ya kawaida. Akaeleza mlivyokutana shamba la mikorosho Lionja. Akaeleza maneno yako ya mwisho, ambayo sitayaandika hapa. Sijawahi kumsikia akiongea hivyo, miaka yote. Akasema, "Baba Somoe ndani ya lile gari alikuwa ananijibu 'ehee' tu. Hakuwahi kunisikia."

Nikadhani basi, amelichukia. Nikasema moyoni nitalifunika tena, nilipeleke mwenyewe kwa wa vyuma chakavu.

Tulipofika nikavua turubai. Nikampa ufunguo mkononi, bila kuku, bila neno. Akanirudishia. "Liwashe."

Halikuwaka. Betri imekufa, kosa langu. Ikabidi nikae ndani, gia ya pili, klachi chini, na mjane wako na binti yako mwalimu wasukume, kwenye mteremko wa nyuma ya nyumba yangu, majirani wanaangalia. Nilipoachia klachi liliruka, likakohoa moshi mweusi, likanguruma. Kuku wa Nachingwea nao wakakimbia.

Bi Esha akafungua mlango akaingia pembeni yangu. Akafunga vioo. Akasema kitu, sikusikia. Akanisogelea sikioni akapiga kelele: "Kanyaga mafuta! Usiachie!"

Nikakanyaga. Ndipo akajifunika mtandio akalia. Eda yote walimwambia anyamaze, mama mtu mzima, mjane wa heshima, na nyumba ya Somoe ina kuta nyembamba, na lile gari jipya halina kelele ya kumficha mtu. Alilia kwa mdomo wazi na hakuna aliyemsikia, hata Somoe aliyesimama nje ameshika boneti. Mguu wangu ulitetemeka, goti linawaka. Sikuachia. Nilichoma karibu tangi zima, mtani, gari limesimama palepale, mpaka alipomaliza.

Sasa liko kwenu. Uani kwangu pana alama nne za matairi na mimi. Lala salama.

Mimi, mtani wako uliyemwacha hai.